Mlango Aliouomba Jirani

Ofisi ya Shufaa pale Mlandege, Iringa, haikuwahi kufanana na ofisi. Ilikuwa fremu ya duka yenye viti vingi kuliko meza, na birika lisilopoa tangu wanafungua mpaka wanafunga. Mtu akija kuuliza habari za kujenga vyumba viwili na sebule, kwanza anakaa, anapewa kikombe, anaambiwa nani kaoa na nani kahama usiku bila kumuaga mwenye nyumba, na akiinuka kwenda zake tayari ni ndugu. Hapo sasa ndipo wanaanza kuzungumzia tofali.

Shufaa mwenyewe shule aliiacha darasa la saba. Yaliyobaki kafundishwa na barabara. Alikuwa akiuza uji kwa mafundi, wao wanakunywa na kusema, yeye anakoroga na kusikiliza, mpaka akawajua wote: yupi mikono yake inaaminika, yupi anaiuza sementi ya watu kwa mlango wa nyuma. Siku aliposimama na kampuni yake, wale wa kuaminika ndio aliowaita, na wengi wamezeeka naye.

Na kampuni hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila nyumba wanayoijenga sharti iwe na mama wa chai. Yaani upande wa mteja atoke mwanamke mmoja, awe mke, awe dada, awe mama mzazi, awaletee mafundi chai ya saa nne. Iwe ya rangi, iwe na viazi vya kuchemsha, haina neno. Anakaa nao, anaiona nyumba inavyoinuka, na akisema dirisha hili lipanuliwe kidogo, au kabati lile lishushwe, mafundi wanafanya palepale, hawamzungushi mpaka ofisini. Shufaa alisema kazi yake ilimfundisha kwamba mwanaume ndiye huleta ramani, lakini atakayegonga kichwa kwenye kabati kila asubuhi ni mwanamke.

Junaid, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyewachorea ramani, na mara kwa mara alimnung'unikia. Shangazi, mteja ni yule uliyeandikishana naye, wengine hao ni wageni. Shufaa humwangalia tu, kisha humuuliza kama ameshakunywa chai.

Basi wakapata kazi Mbeya, ya kwanza kabisa nje ya Iringa. Mteja aliitwa Jailos, mtu wa mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, mpole, mwenye haraka kwenye simu. Alikuwa na kiwanja Isyesye, anataka kuihamisha familia ije kukaa mjini karibu na shule nzuri. Shufaa akampeleka Abdul awe msimamizi, fundi wake wa siku nyingi, mtu wa adabu zake, ambaye hata nondo akitaka kuikata utadhani anaiomba radhi.

Abdul akampigia simu wiki ileile ya msingi, sauti imejaa raha. Mama wa nyumba keshajitokeza. Mama mtu mzima, mcheshi, anakuja na chai ya maziwa, leo magimbi, kesho mahindi, na anawaita wote wanangu. Shufaa akafurahi mpaka akawatangazia waliokuwa ofisini kwamba watu wa Mbeya wana utu. Kila Abdul alipopiga simu alikuwa na habari za yule mama, na habari zake zilikuwa tamu, maana mama aliujua mtaa mzima pamoja na madhambi yake. Mke wa Jailos ndiye hakuonekana hata mara moja. Ofisini wakamjadili. Mmoja akasema ana maringo, mwingine akasema labda nyumba haitaki, anataka gari. Shufaa naye alitia lake. Walicheka wote.

Mafundi walipofika kwenye jiko, mama alisimama akaangalia ukuta, akasema mlango wa nyuma wauhamishe, uangalie upande huu, yeye ndiko anakopita. Abdul akapima, akaona haudhuru kitu, akauhamisha. Nyumba ikapauliwa, ikapigwa plasta, ikapakwa rangi. Ikabaki kukabidhiana funguo.

Siku Jailos alipomleta mkewe kuiona, mkewe, Joyness jina lake, aliingia akapita sebuleni, akapita vyumbani, akaingia jikoni. Akafungua ule mlango. Akasimama hapo muda. Kisha akaufunga taratibu, akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari, na hakushuka tena.

Jioni hiyo Jailos akampigia Shufaa. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyepotelewa na kitu hajui ni kipi. Alisema mkewe amekataa kuhamia. Hasemi sababu, anasema tu mlango wa jikoni haukuwa pale, kwenye ramani haukuwa pale, nani aliuweka pale.

Shufaa akamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mlango ule alisema mama.

"Mama yupi?" Jailos akauliza.

"Mama yako, baba. Si ndiye alikuwa anawaletea vijana chai?"

Jailos akasema polepole kwamba mama yake yuko Busokelo, miguu haimpi ruhusa hata ya kufika kanisani, na Isyesye hajawahi kuiona.

Shufaa alikata simu akabaki amekishika kikombe hakinywi. Akampigia Abdul. Abdul akaanza kujitetea kwa sauti ya mtu anayezama. Yule mama alikuja siku ya kwanza na chai mkononi. Wakamwamkia, akaitikia, akawamiminia. Kesho akaja tena.

"Sasa dada, mtu mzima kakuletea chai, umeshamwambia shikamoo, utamgeukia umuulize wewe nani?"

Hata Shufaa mwenyewe asingeuliza. Ikaja kujulikana kwamba ni jirani. Anaitwa mama Benedicta, mjane, nyumba yake iko nyuma ya kiwanja cha Jailos, na mlango ule wa jikoni ulitazamana na wa kwake kama watu wawili waliokaa mkekani.

Junaid hakusema nilikuambia. Alisema jambo baya zaidi, akalisema kwa heshima: kama nyumba ya kwanza ya Mbeya itakaa tupu kwa sababu ya chai, basi chai iishe, na wao wafanye kazi kama kampuni nyingine, ramani ni ramani, mteja ni mteja. Shufaa alimwambia amwache kwanza akaongee na huyo Joyness. Alijiamini kwa maneno. Hajawahi kumkuta mtu ambaye akikaa naye wakanywa kitu hakulegea. Na moyoni, tusimfiche, alikuwa upande wa jirani. Mlango unaotazamana na wa mwenzio, yeye aliuona ni bahati. Utakosa chumvi, utavuka. Utapata habari, utavuka. Huyo mwanamke wa kukataa bahati ya namna hiyo akoje?

Asubuhi akapanda basi la Mbeya, akashuka Igawa, bodaboda ikamwingiza Rujewa.

Alivyofika kwa kina Jailos alijisikia kama amefika kwao. Uani kumejaa. Mawifi watatu, watoto wasiohesabika, sufuria juu ya mafiga, mtu anasuka, mtu anasukwa, mashine za mpunga zinaunguruma kwa mbali na vumbi la pumba limekaa juu ya kila kitu. Wakampa kigoda, wakampa wali na samaki, na kabla hajamaliza tonge la tatu alikuwa ameshajua nani alikosana na nani na sababu zake. Shufaa alicheka mpaka machozi. Alisahau kidogo kilichomleta.

Joyness alikuwa amekaa pembeni anapepeta mchele. Mwanamke mwembamba, si mzee, si mtoto. Kila Shufaa alipomtupia swali, wifi mmoja alilidaka hewani. Safari ya Mbeya ilikuwaje? Alichoka huyu, hajazoea gari. Nyumba umeionaje? Kaipenda, ila mgumu kusema. Na ule mlango? Hapo wakajibu wote kwa pamoja: mlango mzuri, atapata mtu wa karibu, tatizo huyu hajui kukaa na watu. Joyness akautikisa ungo, pumba zikaruka, mchele ukabaki. Hakuinua macho.

Shufaa ndipo alipoona kwamba tangu aingie hajaisikia sauti ya mteja wake.

Alipoaga, Joyness aliinuka kumsindikiza. Hilo hakuna wa kulizuia, mgeni husindikizwa. Wakafuata njia ya kando ya mfereji wa maji ya mashamba, mpunga umesimama kijani pande zote mbili. Shufaa akaanza kazi yake. Akamsifia mama Benedicta, ukarimu wake, magimbi yake, akaeleza kosa lilivyotokea, akalitilia mzaha kidogo. Joyness akatembea tu. Shufaa akaongeza maneno. Maneno yakamwishia katikati ya njia, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, akanyamaza.

Walitembea hivyo kipande kizuri. Maji yalikuwa yanapita.

"Jiko langu hapa lina mlango unaotazama kwa wifi," Joyness akasema. "Nikibandika maharage, wanajua. Nikiyaunguza, wanajua. Si watu wabaya, mama. Wananipenda kwa namna yao."

Shufaa alitaka kuitikia, akajizuia.

"Mwaka jana nilikuwa na mimba. Iliharibika nikiwa palepale jikoni. Wifi aliniona kutoka mlangoni kwake. Baba Mercy aliporudi kutoka mashineni, uani kulikuwa kumejaa watu wananipa pole, na yeye aliambiwa na watoto wa njiani. Hata kulia nililia nimeshikwa mkono huku na mkono huku."

Akasimama. Walikuwa wamefika barabarani.

"Nilipoiona ile ramani nilikuwa naufuata ule ukuta wa jiko kwa kidole kila siku. Ukuta mtupu. Nilikuwa nasema, hapa nikilia, nalia mimi." Akajifuta vumbi la mchele mikononi. "Hili usilipeleke popote, mama. Si Mbeya, si kwa baba Mercy. Atadhani nawasema dada zake."

Shufaa akasema amesikia. Alitaka kumshika, akakumbuka ile habari ya mikono, akaacha. Aliagana naye kwa kichwa.

Kwenye gari la kwenda Mbeya hakumsemesha abiria yeyote. Alikuwa akiwaza mambo yaliyomkera. Miaka yote hiyo alijisifu kwamba anawasikiliza wanawake wa wateja wake, na kweli aliwasikiliza: wale wanaokuja. Wenye miguu ya kuja na mdomo wa kusema. Waliokaa kimya aliwafanyia nini? Huyu walimfanya mada. Alikumbuka lile neno alilotia siku ile ofisini, na vile walivyocheka, akaona aibu ikimpanda shingoni, peke yake, kwenye kiti cha dirishani.

Isyesye aliikuta na baridi yake. Abdul alimpokea ameinamisha kichwa kama aliyefiwa. Shufaa hakumgombeza. Akamuuliza mchanga upo, tofali zipo? Zipo. Akamwambia akoroge mota kidogo tu ya kuziba, ila asishike mwiko mpaka yeye arudi kutoka kwa jirani.

Kutoka kwenye ule mlango mpaka kwa mama Benedicta kulikuwa na njia imefagiliwa. Si imefagiliwa tu, imepangiwa mawe pembeni, mojamoja, ya ukubwa mmoja, na yamepakwa chokaa. Mtu kakaa chini kuyapanga hayo. Shufaa alipita katikati yake kama anayekanyaga nguo ya mtu.

Mama Benedicta alikuwa mfupi, mwenye khanga mbili na sweta la kiume, na alimpokea kwa mikono yote. Shikamoo ilipoitikiwa tu, alimkalisha, akamwambia anamjua vizuri, Abdul kamsimulia, yeye ndiye bosi mwanamke wa Iringa. Akamsimulia habari za watoto wake, mmoja Tunduma, mmoja Dar es Salaam, wanapiga simu siku za ibada. Akamsimulia mtaa. Alikuwa msimuliaji hasa, wa kukufanya usahau kwenu, na Shufaa alimwona jinsi anavyokaa mbele kidogo ya kiti, kama anaogopa mgeni asije akainuka kabla habari haijaisha. Aliujua ukaaji huo. Ndio wake.

Akamwambia. Hakuna njia nzuri ya kulisema, akalisema hivyohivyo: mwenye nyumba anataka ukuta wake, na leo mlango unazibwa.

Mama Benedicta akaurudisha mguu uliokuwa umetangulia.

"Kwa hiyo chai yangu mlikuwa mnakunywa kama ya nani?"

"Tulidhani ni ya mama wa nyumba."

"Hamkuuliza."

"Hatukuuliza, mama. Na wewe hukusema."

"Mimi nikaseme nini?" Mama Benedicta akatazama nje. "Vijana wanakuja asubuhi wananiita mama. Nikaseme hapana?"

Mama Benedicta akageuka, na sasa macho yake yalikuwa makali.

"Huyo binti kasema nini juu yangu? Nieleze. Atakuwa kasema, mwanamke mzee, hana mume, anakaa nyuma ya nyumba yangu, anataka mlango unitazame. Najua watu wanavyosema huku. Kasema mimi mchawi?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Shufaa. Lilikuwa limeshaukanyaga ulimi. Aseme tu, kwa sauti ndogo, mama sivyo, ni hivi na hivi, binti yamemkuta, na mama huyu mwenye roho ya kukaribisha angelia naye, angemwelewa, angemsamehe, wangepatana kabla hata hawajaonana. Maisha yake yote Shufaa alipatanisha watu hivyo, kwa kuchukua siri ya huyu na kumpa yule. Aliita huko kujenga mahusiano. Na palepale akaona hiyo siri ikivuka ukuta kabla haujakauka, mama Benedicta akimpelekea Joyness pole na magimbi siku ya kwanza kabisa, mikono yote miwili.

"Hakukutaja," akasema. "Hakujui, mama. Kosa ni langu. Nilimpa mtu nyumba yake bila kumuuliza anavyotaka kukaa."

"Kuna jambo unalijua hulisemi."

"Lipo. Ila si langu."

Walitazamana. Shufaa alizoea kutazamwa na watu wanaompenda, au walio njiani kumpenda. Hii ilikuwa kitu kingine, na alikaa nayo, hakuikimbia kwa mzaha wala kwa kuinuka.

"Basi nenda kazibe," mama Benedicta akasema. Akaongeza shukrani kwa lugha ya kwao, kwa sababu adabu haimwishi mtu ghafla: "Ndaga kwa kuja mwenyewe." Akaingia chumbani.

Abdul akaing'oa fremu. Tofali zikaanza kupanda, na Shufaa akasimama upande wa ndani, jikoni, akiangalia ile njia ya mawe ikipungua mstari kwa mstari mpaka ikabaki mwanga mwembamba juu, kisha mwanga nao ukaisha. Jiko likawa kimya. Alijaribu kufikiria mtu akilia humo na hakuna anayesikia, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kutisha. Akamwambia Abdul apige plasta vizuri, pasionekane kwamba paliwahi kuwa na kitu, na mlango waukate pale ulipokuwa kwenye ramani. Wakamaliza ukuta, mlango mpya ukabaki wa siku nyingine, wakalala, wakasubiri plasta ishike. Mama Benedicta hakutoka. Shufaa aliwahi kugombana na watu, aliwahi kuachana na mume, lakini hajawahi kuondoka mahali bila mtu kumsindikiza. Aliondoka Isyesye hivyo.

Walirudi na pikapu ya kampuni, Abdul anaendesha. Jailos alipiga simu wakiwa wanaingia Chimala, barabara imejaa wauza mchele. Alikuwa amempelekea mkewe picha ya ukuta aliyotumiwa na Abdul. Mkewe kaitazama, kainuka, kaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Jailos mwenyewe alikuwa haamini. Akauliza, mama, ulimwambia nini?

"Sikumwambia kitu," Shufaa akasema. "Alinisindikiza tu."

Abdul alisubiri simu ikatwe. Akasubiri tena, maana siku zote habari huja yenyewe. Shufaa alikuwa akieleza mambo ya kazi: kwamba chai itaendelea, hilo Junaid asijisumbue nalo, ila kuanzia sasa kabla msingi haujachimbwa yeye mwenyewe atakwenda kwa mwanamke atakayeishi humo, na huko hatakwenda kusema. Na kwamba Abdul akirudi Isyesye kumalizia mlango, apite kwa mama Benedicta kwa njia ya mbele, ya barabarani, abishe hodi kama mgeni, amnunulie sukari, na asitegemee kukaribishwa.

Abdul akasema sawa. Wakaiacha Chimala nyuma. Mwishowe akashindwa.

"Lakini dada, yule mke wa Jailos. Ilikuwa nini hasa?"

"Alitaka ukuta."

"Ukuta tu?"

"Ukuta tu."

Abdul akampa jicho la pembeni, la wasiwasi kidogo, kama mtu anayemchunguza mwenzake asije akawa na homa. Shufaa akajifunika khanga mabegani, akageuza uso dirishani. Mbele yao mpaka Iringa kulikuwa na saa kadhaa za barabara, na yeye amekaa na habari ambayo hatampa mtu.